Jumapili za Yensi

9 Juni
Mwalimu wa darasa la kusoma hapa gerezani ametugawia madaftari, akasema tuandike chochote, mikono isilale. Haya. Mimi ni Nolvia Orellana, Mhondurasi wa El Progreso, mpishi, na naandika hivi: mahali hapa pananuka. Si harufu ya watu wengi tu, hiyo ningeivumilia. Ni mkojo uliolala, nguo zisizokauka, maharagwe yaliyochacha na mafuta ya nywele ya nyapara wetu Eduviges, vyote pamoja kuanzia mlangoni mpaka dirishani. Dirisha lenyewe linatazama jaa la jikoni.

Kwa nini nimo humu nitaandika mara moja tu, maana nimeshasema kwa kila mtu mpaka mate yamenikauka. Tulikuwa wanawake saba katika nyumba ya msafirishaji wa magendo, upande huu wa mto, upande wa Meksiko, tukingoja gari la kaskazini, kwenda Marekani. Kwetu hili halifundishwi, kila mtu analijua: wanawake wakiwa njiani, vyeti vyao vya utambulisho hushikwa na aliye mkubwa kuliko wote. Majambazi wanawapekua wasichana kwanza. Mama mtu mzima wanamwacha, au wanamgusa mwisho wakiwa wamechoka. Mkubwa nilikuwa mimi. Basi kila mmoja alinipa cheti chake, nikavishona kwenye pindo la sketi yangu. Huombi, hulazimishi. Wanakuja wenyewe, wanakupa, unashona.

Polisi walipovamia, msafirishaji aliruka ukuta wa nyuma. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga maharagwe. Wakaipasua sketi, wakakuta vyeti sita vya watu wengine, na mwiko ninao mkononi. Wakasema huyu ndiye bosi, amewanyang'anya wasichana vyeti wasitoroke.

Watano walirudishwa Honduras kabla hata hawajaulizwa vizuri. Wa sita, Yensi, binti wa mji wa Yoro, ndiye aliyesema: ndiyo, alininyang'anya. Akatia saini. Wakampa kibali cha kuishi hapa kama mdhulumiwa mpaka kesi iishe.

Nimekwishaeleza. Sirudii.

11 Juni
Mvua. Choo kimefurika, nalala hatua moja kutoka hapo.

13 Juni
Wakili niliyepewa na serikali anaitwa Ubaldo. Ameingia na viatu vilivyolowa, akakaa, akajichokoa sikio kwa kalamu, kisha akanipa kalamu ile ile.

"Tia saini hapa kwamba unakubali kosa," akasema. "Wanakupunguzia, miezi michache tu unapandishwa basi kwenda kwenu."

"Nikikataa?"

"Ukikataa tunasonga mbele. Ukishindwa, ni miaka ambayo sipendi kuitaja mbele ya mama mtu mzima."

"Na nikikubali, nimekubali nini?"

"Kwamba uliwanyang'anya."

"Sikuwanyang'anya."

"Sawa, mama. Humu ndani sijakutana na mtu aliyefanya kitu."

Sikuigusa kalamu. Si kwa ajili ya nta ya sikio tu. Huko Progreso nina binti, Marbelí, anauza chapati za ngano mlangoni kwetu, na ameuambia mtaa mzima kwamba mama yake ameonewa. Nikitia saini, narudi nikiwa mwanamke anayeuza wasichana. Kwetu mwizi husamehewa, hata muuaji ana siku yake. Mwanamke wa biashara hiyo watu hawampokei hata maji. Basi naandika hapa na sitabadili: kosa hili silikubali, hata nioze humu.

15 Juni, Jumapili
Nimeitwa jina, nina mgeni. Nilivyo mjinga nikafikiri ni Marbelí amevuka mto. Nimejipaka mate kwenye nyusi, nimetoka mbio.

Alikuwa Yensi.

Amekaa kwenye benchi la uani, bakuli la plastiki mapajani, blauzi safi, nywele zimefungwa. Safi kabisa. Hicho ndicho kilichonichefua kwanza, usafi wake.

"Shikamoo, mama. Nimekuletea baleada. Chapati nimezitia maharagwe na jibini."

"Ondoka nazo."

"Mama Nolvia..."

"Usiniite mama. Mama unamwuza hivi?"

Nikarudi ndani. Bakuli akaliacha kwenye benchi. Eduviges akalichukua, akala na wenzake wa kitanda cha juu, mafuta yakimchuruzika kidevuni. "Katracha," akaniambia, ndilo jina wanalotuita sisi Wahonduras, "huyu anapika. Mwambie arudi." Mimi nimekula uji wa gerezani. Ndani mlikuwa na unywele mrefu mweupe, na humu hakuna mwenye mvi ndefu.

18 Juni
Mende kwenye uji. Nimemtoa, nikaendelea kula. Naandika ili nijue nimefika wapi.

20 Juni
Niseme juu ya deki. Mgeni wa selo ndiye anayepiga deki asubuhi na jioni, mpaka aje mgeni mwingine. Deki ya hapa si ya kusimama. Unachuchumaa, unashika kipande cha blanketi kilicholowa, unarudi kinyumenyume chumba kizima na magoti yasiguse sakafu. Yakigusa, unaanza upya. Maji ni yale yale ya jana. Kwa hiyo husafishi, unautembeza uchafu kutoka kona hii mpaka ile, nao wanawake wametundika miguu kutoka vitandani wanakutazama.

Mimi nilikuwa mtu wa kusugua sufuria mpaka ujione uso. Marbelí alikuwa akinicheka. Sasa napaka mavi sakafuni kwa amri.

Eduviges anasimamia. Ni mwanamke mkubwa, amejichora nyusi kwa penseli, ana pipa lake la maji anayouza kwa kikombe. Leo nikamwambia sina hatia, kwa nini anitese. Akacheka. "Humu hatuulizani nani ana hatia, Katracha. Tunaulizana nani ana mtu wa kumletea chakula. Wewe unaye, na unamfukuza."

22 Juni, Jumapili
Amekuja tena. Wali na kuku wa mchuzi.

Nimekula. Nimekula mbele yake, kwa mkono, bila kumtazama, na mifupa nimeivunja nikanyonya. Mwenye njaa hana miiko. Kumaliza nikamrudishia bakuli nikaondoka bila kusema asante. Tumbo limefurahi, mimi nimejichukia mpaka jioni.

29 Juni, Jumapili
Leo nimemwuliza. Kwa nini?

Amekunjua mkono wa blauzi. Alama ya kuungua, duara nzima, ya kile chuma cha kuokea chapati. Mwanamume wake, Wilmer, muuza nyama wa Yoro, ndiye aliyemgandamiza hapo. Habari hiyo niliijua, alinisimulia kule kwenye nyumba ya msafirishaji.

"Polisi waliniweka chumba peke yangu," akasema. "Wakaniambia, chagua, wewe ni mdhulumiwa au mshirika wake. Mdhulumiwa anapewa kibali, anabaki. Mshirika anafungwa, akitoka anarudishwa kwao. Nikirudishwa Yoro, Wilmer ananiua, mama. Si maneno tu."

"Na mimi je?"

Akashusha mkono wa blauzi. Kisha akasema, "Wewe una nguvu."

Nimeona mengi ya kutia kinyaa mwezi huu, na hakuna lililonishinda kama hilo. Una nguvu. Ndivyo watu wanavyokwambia wakitaka kukupandia mgongoni. Pamoja na hayo tamali zake, madonge ya unga wa mahindi yaliyofungwa kwa jani, nimezila zote, na jani nimelilamba.

4 Julai
Mvua imeanza baada ya chakula cha mchana, ikawa haikati. Maji yalianza kutoka shimo la choo polepole, yakaja na vitu vyake, yakafika kwenye kifundo cha mguu. Wanawake wote wamepanda vitandani. Tumeita askari, wakatujibu kwa mbali tunyamaze.

"Katracha, shuka uzibue," akasema Eduviges.

"Kwa nini mimi?"

"Wewe ndiye unayelalamikia harufu."

Kweli ndiye mimi. Nikashuka. Nikapiga magoti, safari hii ruhusa, nikatia mkono shimoni mpaka begani, shavu langu likagusa maji. Nikavuta nywele, fundo zima la nywele za wanawake wa miaka mingapi sijui. Nikavuta vitambaa vya hedhi, nikavuta panya amevimba. Hapo ndipo maji yakaanza kushuka, yanaguguma, na wenzangu wakapiga makofi vitandani. Mimi nikatapika juu ya yote.

Halafu bomba halina maji. Siku ya mvua kama hii, bomba halina maji. Nikakaa nimeunyoosha mkono mbali na mwili, kama si wangu, mpaka ukakauka ulivyo. Kuna uchafu ukikupata unahisi hautoki tena, la kuvunda halina ubani. Nililia, naandika wazi, nililia kwa hasira. Yensi alale kwenye kitanda chake mjini, mimi nishike panya.

8 Julai
Niliumwa. Homa na tumbo, siku ngapi sijui, wananiambia tatu. Siku ya Jumapili Yensi aliambiwa siwezi kutoka.

Nimeelezwa yaliyopita. Eduviges aligonga mlango kwa kikombe cha bati kutwa, akitaka nesi. Askari wa kike akafungua, akamshika mkono ulioshika kikombe, akaubana na mlango. Vidole viwili vimevunjika, amevifunga kwa kitambaa na kijiti. Nesi hakuja. Basi Eduviges akachota maji ya pipa lake, yale anayouza, akaniosha kwa mkono mmoja, mwili mzima, kwenye kila kikunjo.

Nikajaribu kumshukuru. "Usinishukuru," akasema. "Ulikuwa unanuka. Nimekuosha kwa ajili ya pua yangu."

Sijui nimchukie vipi sasa. Ilikuwa rahisi zaidi juzi.

13 Julai, Jumapili
Yensi ameleta supu ya ndizi mbichi na nyama. Alikuwa amekaa upande mmoja wa benchi, hakai sawasawa, uso umemparama. Nikamwuliza kama anaumwa, akasema hapana.

Kurudi ndani nikamwuliza Eduviges kwa nini wageni wote wa Jumapili huingia na sura ile, kama waliotoka kuzika.

"Hujui? Wanapekuliwa, Katracha. Chumbani, bila nguo, mpaka ndani. Glavu ni moja. Inaanza na wa kwanza kwenye foleni, inaishia kwa wa mwisho. Kisha askari wanakuja nayo kutupekua sisi kwenye selo."

"Glavu moja?"

"Moja. Na yule wako anapekuliwa kuingia na kutoka. Ni mgeni wa nchi, atamshitaki nani? Muungwana akivuliwa nguo huchutama."

Nimekaa na hilo tangu mchana. Supu nilikuwa nimeshaimaliza. Kila kijiko nilichokula tangu Juni kimepita hapo, kwenye chumba hicho, kwenye mkono huo. Sijui ni kipi kinanitia kichefuchefu zaidi, glavu, wao, au mimi niliyekuwa nakaa nalamba jani na kumkunjia uso.

20 Julai, Jumapili
Nimemwambia asije tena. Nimemwambia najua habari za glavu.

"Nikiacha kuja, nitalala vipi?" akasema.

"Kwa hiyo unakuja kwa ajili ya usingizi wako."

"Ndiyo, mama."

Angalau hilo halikuwa uongo. Nikamwachia aniite mama.

29 Julai
Mvua imekata. Joto. Nzi.

6 Agosti
Nzi.

12 Agosti
Amekuja mgeni mpya wa selo, deki si yangu tena. Leo nimemtazama anavyorudi kinyumenyume, na goti lake lilipogusa sakafu, mdomo wangu ulishafunguka kumwambia aanze upya. Nimeufunga. Nilikaribia kabisa.

19 Agosti
Ubaldo amekuja na kalamu yake. Anasema Yensi ataitwa mbele ya jaji mapema, kabla ya kesi yenyewe, kwa sababu mashahidi wa njiani hupotea. Atakachosema siku hiyo ndicho kitakachosimama.

"Ana kwa ana na mimi?"

"Yeye nyuma ya pazia, wewe nyuma ya kioo. Mtasikiana."

"Akisema kweli?"

Akajikuna sikio. "Akisema kweli, mama, tutakuwa na kitu. Sijazoea, lakini tutakuwa na kitu."

24 Agosti, Jumapili
Mvua imerudi kwa hasira. Tumekaa chini ya bati uani, maji yanapiga mpaka lazima upaze sauti.

"Utasema kweli?" nikamwuliza.

"Niulize kingine chochote, mama."

"Sina kingine. Nina hilo moja."

"Wakininyang'anya kibali..."

"Najua. Wilmer. Namjua Wilmer kuliko mume wangu sasa. Nakuuliza utasema kweli au husemi."

Akainamia bakuli, akaanza kufungua kifuniko, anataka kunipakulia. Nikalipiga lile bakuli kwa mkono. Wali ukamwagika chini, kwenye matope, mayai ya kuchemsha yakabingirika mpaka miguuni mwa askari. Nikamwambia, "Peleka chakula chako kwa polisi wanaokufundisha kusema."

Akaondoka akipitia tena kile chumba cha glavu.

Eduviges akainama akayaokota mayai, akayafuta kwa sketi, akala. "Chakula hakina kosa," akasema. Hakuniangalia.

31 Agosti, Jumapili
Hakuja.

7 Septemba, Jumapili
Hakuja. Saa ya wageni nilisimama mlangoni muda wote, nikajiambia napunga upepo. Tumbo lilikuwa linamngoja. Labda si tumbo peke yake.

11 Septemba
Nimetoka kwa jaji. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Jaji ni mwanamke, ana mafua, leso haimtoki puani. Mwendesha mashtaka amejipulizia marashi, nikayasikia mpaka nyuma ya kioo, na baada ya miezi hii marashi yalinichefua kuliko choo. Wakamwingiza Yensi nyuma ya pazia. Nikaona viatu vyake tu.

Akaulizwa, mtuhumiwa alikunyang'anya cheti chako?

"Hapana," akasema Yensi.

Ubaldo akaacha kalamu.

"Sikusikia," akasema jaji.

"Hakuninyang'anya. Nilimpa mwenyewe anishikie. Sote tulimpa. Ndivyo tunavyofanya kwetu, anayeshika ni mkubwa. Alikuwa anasafiri kama sisi. Alikuwa anatupikia kwa sababu sisi wengine tulikuwa tunalia."

"Mbona mwanzo ulisema vingine?"

"Niliogopa, Mheshimiwa. Naogopa hata sasa."

Nilishika kioo. Katika maisha yangu sijapata kusikia kitu kitamu kama sauti ya yule binti ikitetemeka. Nikasema moyoni, mwanangu, mwanangu, nimekumwagia wali wako.

Kisha mwendesha mashtaka akasimama, taratibu, kama mtu aliyeshiba.

"Umewahi kumtembelea mtuhumiwa gerezani?"

"Ndiyo."

"Lini?"

"Jumapili. Kila Jumapili."

"Ukaenda na nini?"

"Chakula."

"Alikutuma nani?"

"Hakuna. Mimi mwenyewe."

"Ulipokuwa huko, mlizungumzia ushahidi wako?"

Viatu vikasogea. "Aliniomba niseme kweli."

"Alikuomba." Akamgeukia jaji. "Mheshimiwa, binti aliyedhulumiwa anampikia aliyemdhulumu. Anavuliwa nguo kila Jumapili ili amfikishie. Tunaambiwa hakutumwa na mtu. Askari waliona mtuhumiwa akimpiga bakuli mkononi kwa hasira. Wiki tatu hazijaisha, binti anabadili maneno. Mwanamke huyu yuko gerezani, na wasichana wake bado anawaendesha."

Na jaji akaitikia kwa kichwa. Nilimwona. Akapenga kamasi, akaitikia, akaandika.

Nikacheka. Sikukusudia, kilitoka tu. Nikaonywa. Sasa nani atawaeleza watu hawa? Kwetu ukimkosea mtu humwendei na maneno, unampikia. Unapika, unapeleka, unafukuzwa, unapeleka tena, mpaka siku atakayokula na kukutazama. Mtoto mdogo wa Yoro anajua hivyo. Hapa chakula kimekuwa ushahidi. Kila tamali, kila kijiko cha supu, wamekihesabu kuwa ni amri yangu.

15 Septemba
Sikukuu ya uhuru wetu. Yao ni kesho, kwa hiyo askari wamelewa tangu leo. Wametupa wali wa maziwa, umeungua chini. Eduviges alinipa wake, akasema meno yanamuuma. Hayamuumi.

24 Septemba
Ubaldo amekuja bila kalamu sikioni. Nikajua ni jambo baya.

"Wanamfungulia Yensi mashtaka," akasema. "Kudanganya mbele ya sheria. Amesema hivi, kisha vile, kwa hiyo moja ni uongo."

"Walishaamua ni ipi?"

"Hawajali ni ipi. Kibali kinafutwa, anafungwa kidogo, halafu anarudishwa kwao."

"Na mimi?"

"Wewe kesi inaendelea. Au..." Akatoa ile karatasi ya Juni, imejikunja pembe. "Ukikubali kosa, sasa wanakubali kosa dogo zaidi, kushikilia vyeti tu. Jalada lote linafungwa. Maneno yake hayahitajiki tena, ya kwanza wala ya pili. Anabaki mdhulumiwa, anabaki na kibali."

"Yaani nikidanganya mimi, yeye hajadanganya."

"Mama, mimi ni wakili tu."

"Na akisema kweli anafungwa."

Akaisukuma karatasi upande wangu. Ameniachia mpaka Alhamisi ijayo.

26 Septemba
Sikulala, na sipendi ninakoelekea. Simpendi Yensi. Naandika hivyo wazi ili asije mtu akasema nilikuwa na moyo wa malaika. Alinitupa kwenye choo hiki. Nikikumbuka saini yake, hasira zinanipanda.

Lakini alisema kweli huku anajua bei yake. Mimi namfahamu Wilmer kwa alama ile ya mkono, sihitaji kumwona.

Nikamweleza Eduviges. Akasikiliza huku anajichora nyusi kwa mkono wenye vidole vilivyopinda. "Mwache," akasema. "Kila nzi na kidonda chake."

"Nilishika cheti chake," nikasema. "Anayeshika hawezi kukiachia njiani. Akikiachia, amekuwa kweli yule wanayemsema."

"Basi una wazimu, Katracha."

"Ndiyo."

"Na binti yako?"

Nikageukia ukuta.

2 Oktoba
Nimekubali.

Nilidhani ni saini tu. Kumbe sheria yao inataka useme kwa kinywa chako, kwa hiari yako, wote wasikie. Jaji amepona mafua. Yensi alikuwa ameketi nyuma kabisa, safari hii bila pazia, kwa kuwa hana la kusema tena.

"Uliwanyang'anya vyeti vyao?"

"Ndiyo."

"Eleza ulivyofanya."

Eleza. Hilo Ubaldo hakuniambia. Nikasimama pale nikiwa sina kitu kinywani, halafu kikaja chenyewe, laini, kama kitu nilichofanya kweli. Nikasema, niliwaambia asiyenipa cheti hatapata chakula. Nikasema, nilivishona mwenyewe wasiweze kuvipata. Nikasema yule mmoja alilia nikamwacha alie. Sijui yalitoka wapi. Nilijisikiliza nikaona huyo mwanamke ninayemsema ni mchafu, ningemtemea mate.

Yensi akainuka. "Mama, hapana. Mheshimiwa, hapana, huyu..."

Nikageuka. "Kaa chini," nikamwambia, kwa sauti ile ninayomwambia Marbelí akiingia na matope sebuleni.

Akakaa.

Mwendesha mashtaka akatabasamu, akamtazama jaji, kama kusema, mnaona? Jaji alishaona.

Miezi niliyokaa imehesabiwa, iliyobaki wamenisamehe. Kabla mwezi huu haujaisha napandishwa basi la kurudi Honduras. Yensi amebaki na kibali chake. Tulipopishana kwenye korido, alikuwa anatokwa na machozi na kamasi pamoja, akanyoosha mkono anishike. Nikamwambia ajifute kwanza. Akajifuta kwa mkono wa blauzi, ule wenye alama chini yake. Nikamwacha anishike.

5 Oktoba, Jumapili
Nimepewa ruhusa ya simu. Foleni ndefu, chombo chenyewe kimejaa mate ya watu wote waliotangulia, nimekifuta kwa pindo mara mbili na bado kiliniteleza sikioni.

Nikamwambia Marbelí narudi. Akapiga kelele ya furaha, nikasikia anawaita watu wa mtaani, mama anarudi, mama ametoka, si niliwaambia? Nikamwacha afurahi kidogo. Kisha nikamwambia ilivyokuwa, maana karatasi inanitangulia, wataisoma mpakani, na jamaa wa Progreso wanaofanya kazi mpakani hawafichi kitu.

"Uliwaambia nini, mama?"

"Niliwaambia ni mimi."

Nikasikia amesogea mbali na watu. Mlango ukafungwa. Sauti ikawa ya chini.

"Mbele ya jaji? Kwa kinywa chako?"

"Ndiyo. Kwa sababu ya yule binti wa Yoro, nimekueleza. Wangemrudisha."

"Mama," akasema. "Niambie mimi tu, sitamwambia mtu. Uliwanyang'anya?"

"Hapana, Marbelí."

Akasema, "Sawa, mama."

Sawa hiyo naijua. Ni ile niliyokuwa nampa yeye alipokuwa mdogo, akisimama mbele yangu na vipande vya kikombe mkononi, akiniambia si yeye aliyekivunja.